Baridi Yabisi na Dawa za Kibiolojia: Historia ya Maswali Yaliyoulizwa Seli za Kinga

Ugonjwa wa viungo ambao Waswahili huuita baridi yabisi umebeba nadharia nzima ya tiba ndani ya jina lake. Baridi na yabisi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na maana zake, ubaridi na ukavu, ni mbili kati ya zile sifa nne ambazo waganga wa Kiyunani, na baada yao waganga walioandika kwa Kiarabu, walizitumia kueleza hali ya mwili wa binadamu: joto na baridi, umajimaji na ukavu. Jina la Kizungu nalo lina nadharia yake. Shina lake ni neno la Kiyunani rheuma, yaani mtiririko, kwa kuwa iliaminika kwamba maji maovu hushuka kutoka kichwani na kutuama viungoni. Hivyo jina moja lalaumu ukavu na jingine lalaumu maji, ingawa yote mawili yametoka katika elimu moja. Leo hakuna daktari wa hospitali atibuye kwa kufuata mojawapo ya nadharia hizo, lakini majina yamedumu.

Makala haya yanakusudia kufuatilia mabadiliko mengine katika maelezo ya ugonjwa huo, mabadiliko yaliyotokea katika muda mfupi mno, tangu miaka ya 1980, kutokana na dawa ziitwazo za kibiolojia. Historia ya dawa kwa kawaida husimuliwa hivi: wataalamu waligundua kiini cha ugonjwa, kisha wakatengeneza dawa ya kukiondoa. Katika baridi yabisi mambo yalikwenda kinyume mara nyingi. Dawa ilitangulia, nayo ikawa kama swali lililoelekezwa kwenye mwili wa mgonjwa: seli hizi zikiondolewa, au ujumbe huu ukikatizwa, kutatokea nini? Mara kadhaa jibu halikuwa lile lililotarajiwa, na maelezo ya ugonjwa yakalazimika kuandikwa upya. Jambo hilo lawahusu pia wanaoshughulika na lugha, kwa sababu maelezo hayo ya zamani yalikuwa yamejengwa juu ya tamathali fulani za usemi, na tamathali hizo zimeingia katika Kiswahili pamoja na elimu yenyewe.

Ikumbukwe kwanza kwamba katika mazungumzo ya kila siku jina la baridi yabisi hutajwa kwa maumivu ya aina nyingi, ya uzee, ya kazi nzito na hata ya jongo. Hapa litatumika kwa ugonjwa mmoja tu. Mwaka 1800 daktari Mfaransa Augustin Jacob Landré-Beauvais aliandika tasnifu juu ya wanawake tisa wa Paris waliokuwa na ugonjwa wa viungo ambao haukufanana na jongo la kawaida. Na mwaka 1859 Mwingereza Alfred Garrod, aliyekwisha kuonyesha kwamba damu ya mgonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki kupita kiasi, aliutenga ugonjwa huu na jongo na kuupa jina lake la Kiingereza litumikalo hadi leo. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Utando laini uliotanda ndani ya kiungo, ambao kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha, huvimba, hujaa seli zisizokuwapo hapo awali, kisha hutambaa juu ya gegedu na kulila pamoja na mfupa. Mgonjwa huamka asubuhi vidole vimekakamaa, na pasipo tiba hufika siku ambayo havifungui kifungo wala havishiki kijiko.

Kwamba kinga ya mwili inahusika lilikuwa jambo lililodhaniwa mapema. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norwei aligundua katika damu ya wagonjwa hawa kitu ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine za mtu yuleyule. Mwezi wa Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota, Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mwenye umri wa miaka 29 dawa ambayo sasa yaitwa kotisoni, na baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akatembea. Hench na wenzake wawili walipata tuzo ya Nobel mwaka 1950. Hata hivyo kotisoni ilipotumiwa kwa muda mrefu na kwa wingi ilidhoofisha mifupa, ilivimbisha uso na kuacha mlango wazi kwa maambukizi. Kwa upande wa elimu pia haikufundisha mengi, maana ilituliza kila kitu kwa pamoja, na mtu hakuweza kujua ni kipi kati ya vilivyotulia kilichokuwa mkosaji.

Ili swali liulizwe vizuri zaidi, ilibidi kwanza seli za kinga zitofautishwe. Kazi hiyo ilifanyika zaidi katika miaka ya 1960. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya utafiti London, alionyesha kwamba thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari ambayo haikuthaminiwa na mtu, ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya kinga. Na mwaka 1965 Max Cooper na wenzake walithibitisha kwa kuchunguza vifaranga vya kuku kwamba kuna koo mbili za chembechembe hizo nyeupe. Ukoo mmoja uliitwa seli T, kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo; mwingine, ambao ndio utoao kingamwili, ukaitwa seli B. Pamoja nao wako makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Hapa ndipo tamathali ya jeshi ilipostawi. Katika maandishi ya Kiingereza seli T zilisemwa kuwa ni makamanda, seli B watengenezaji wa silaha, na ugonjwa kama baridi yabisi ukasemwa kuwa ni uasi wa askari dhidi ya nchi yao. Kiswahili kiliipokea picha hiyo bila shida. Chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili katika vitabu vya shule na katika mafunzo ya afya, na tangu ulipozuka UKIMWI, ambao jina lake lenyewe ni ukosefu wa kinga mwilini, msemo huo umeenea mpaka vijijini. Kwa UKIMWI tamathali hiyo yafaa kwa kiasi fulani: askari wamepungua, adui ameingia. Hesabu ya seli T za aina ya CD4 imekuwa jambo linalojulikana na watu wengi wa Kenya ambao hawakusoma biolojia kabisa. Idadi ikipanda ni habari njema, ikishuka ni habari mbaya. Lakini kwa baridi yabisi picha hiyo ilielekeza kwenye dawa iliyo wazi mno: ikiwa askari wameasi, basi wapunguzwe.

Njia ya kuwapunguza ilipatikana mwaka 1975 huko Cambridge, Uingereza. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli B za wengu wa panya na seli za saratani ya uboho. Kutokana na seli B, kizazi hicho kipya kilirithi uwezo wa kutoa kingamwili. Kutokana na saratani kilirithi uwezo wa kuzaana pasipo kikomo. Kila ukoo wa seli hizo ulitoa kingamwili ya namna moja tu, yenye kushika kitu kimoja tu. Kingamwili hizi za ukoo mmoja ndizo msingi wa dawa nyingi za kibiolojia. Zaitwa hivyo kwa sababu hazipikwi kwa kemikali kama aspirini bali hutolewa na seli hai. Ni protini kubwa, na kwa kuwa tumbo lingezisaga kama lisagavyo nyama, hutiwa mwilini kwa sindano. Zile za kwanza zilikuwa za panya tupu, na mwili wa binadamu ulizikataa upesi; baadaye sehemu kubwa ya umbo lake ikabadilishwa kuwa ya kibinadamu.

Swali la kwanza liliulizwa seli T za CD4. Ushahidi wa kuzishuku ulikuwa mzuri. Zilionekana kwa wingi ndani ya utando uliovimba, na mwaka 1978 Peter Stastny alikuwa ameonyesha kwamba wagonjwa wengi hushiriki alama ya kurithi iitwayo HLA-DR4, ambayo kazi ya jamii yake ni kuzionyesha seli hizo vipande vya vitu vigeni. Kingamwili za kuziangamiza zikatengenezwa na kujaribiwa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Zilifanya kazi yake barabara: seli za CD4 zilipungua katika damu na kubaki chache kwa muda mrefu. Viungo vikaendelea kuvimba. Katika jaribio lililofanywa kwa kulinganisha, lililochapishwa mwaka 1995, waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa isiyo na kiini. Baadaye ilielezwa kwamba seli zilizoondolewa ni zile za damuni, na kwamba zilizokwisha kutulia ndani ya kiungo hazikufikiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana ukweli, lakini wakati ule wengi walikata shauri kwamba seli T hazina hatia, na shauri hilo nalo, kama itakavyoonekana, lilikuwa la haraka.

Wakati huohuo swali la namna nyingine kabisa lilikuwa likiandaliwa, nalo halikuhusu seli yoyote bali ujumbe unaopelekwa kati ya seli. Seli za kinga husemezana kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Moja ya protini hizo iligunduliwa mara mbili, na watu ambao hawakuwa wakitafuta jambo moja. Mwaka 1975 huko New York, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao walieleza kitu katika damu ya panya chenye uwezo wa kuua uvimbe wa saratani. Wakakiita kisababishi cha kufa kwa uvimbe, ambacho kwa kifupi cha Kiingereza ni TNF. Katika mji huohuo, Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alikuwa akishughulika na fumbo lililotoka Afrika. Mfugaji yeyote wa nchi yenye mbung'o analijua: mnyama aliyeumwa na mbung'o hukonda mpaka mbavu zikahesabika, ingawa malisho yapo. Mwaka 1980 Cerami na Carol Rouzer waliandika juu ya sungura walioambukizwa tripanosoma, vimelea hivyo vya mbung'o, ambao damu yao ilijaa mafuta yasiyotumika huku miili ikinyauka. Ilibainika kwamba kinachokondesha si vimelea vyenyewe; ni kitu kinachotolewa na makrofaji wa mnyama mwenyewe. Kitu hicho kilipewa jina la kakektini, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya hali mbaya. Mwaka 1985 Bruce Beutler, Cerami na wenzao wakaona kwamba kakektini na TNF ni protini moja.

Jina lililoshinda ni lile la saratani, na kwa Kiswahili ushindi huo una kero yake. Neno uvimbe hutumika kwa saratani na hutumika vilevile kwa kidole kilichojaa kwa ugonjwa wa viungo. Mfasiri atakayeandika kwamba TNF ni kiuauvimbe atamfanya msomaji aamini kwamba ni dawa ya kiungo kilichovimba, ilhali ndiyo inayokivimbisha. Kilatini kiliwahi kuwa na utata huohuo, maana neno tumor, kabla ya kuachiwa saratani, lilikuwa mojawapo ya dalili nne za mwako ambazo Celsus aliziorodhesha katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Katika makala haya basi kifupi cha TNF kinaachwa kama kilivyo.

Waliouliza swali la TNF katika baridi yabisi walikuwa London, katika taasisi ya Kennedy iliyokuwa mtaa wa Hammersmith na hospitali ya Charing Cross iliyo karibu nayo. Marc Feldmann alikuwa mtaalamu wa kinga. Ravinder Maini alikuwa daktari wa wagonjwa wa viungo. Walichukua vipande vya utando kutoka kwenye viungo vya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa, wakazitenganisha seli zake na kuziweka katika vyombo. Seli hizo ziliendelea kutoa saitokini kwa siku kadhaa bila ya kuchokozwa na chochote. Mwaka 1989 Fionula Brennan, wakiwa pamoja na Feldmann na Maini, walichapisha jaribio ambalo ndilo kitovu cha historia hii. Waliitia ndani ya vyombo kingamwili ya kuishika TNF, na saitokini nyingine yenye nguvu, interlukini 1, ikapungua sana. Waliposhika saitokini nyingine, haikuwa hivyo.

Uzito wa tokeo hilo hauonekani mpaka likumbukwe pingamizi lililokuwapo. Saitokini ni nyingi, na kazi zake hupandana. Wengi walishikilia kwamba kuizuia moja ni kazi bure, kwa kuwa nyingine ingechukua nafasi yake mara moja, kama mtu anyamazishaye sauti moja katika soko. Vyombo vya Hammersmith vilionyesha kwamba halikuwa soko. Kulikuwa na utaratibu, na mmoja alikuwa akitangulia kusema na wengine wakimwitikia. Ushahidi wa panya ulifuata upesi. Mwaka 1991 George Kollias na wenzake walieleza panya waliopandikizwa jeni ya TNF ya binadamu: walipatwa na ugonjwa wa viungo, na kingamwili dhidi ya TNF hiyo iliwakinga.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa njia ya pembeni. Jan Vilcek na Junming Le wa Chuo Kikuu cha New York walikuwa wametengeneza kingamwili dhidi ya TNF, na kampuni ya Centocor ikaigeuza sehemu kubwa kuwa ya kibinadamu, ikitumaini kuwaokoa wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu. Tumaini hilo halikutimia. Mwaka 1992 dawa hiyo ilipewa wagonjwa wa baridi yabisi katika hospitali ya Charing Cross, watu 20 ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Uchovu na ukakamavu wa asubuhi ulianza kuondoka ndani ya siku chache, na uvimbe ukafuata. Kisha, baada ya wiki kadhaa, ugonjwa ukawarudia wote.

Kurudi huko kulikuwa huzuni kwa mgonjwa, lakini kwa mtafiti kulikuwa sehemu ya jibu: seli zilizokuwa zimenyamaza hazikuwa zimekufa. Hata hivyo ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na matumaini ya mgonjwa yana nguvu yake. Kwa hiyo lilifanywa jaribio la kulinganisha katika vituo vinne vya Ulaya, likachapishwa mwaka 1994. Wagonjwa walikuwa 73. Baada ya wiki nne, nafuu ya kiwango kilichowekwa ilionekana kwa watu 2 kati ya 24 waliopewa dawa isiyo na kiini, kwa 11 kati ya 25 waliopewa dozi ndogo, na kwa 19 kati ya 24 waliopewa dozi kubwa. Ni nadra katika tiba ya viungo tarakimu kusema waziwazi namna hiyo. Dawa hiyo ikaitwa infliximab. Huko Marekani nyingine ya jamii yake, etanercept, iliidhinishwa kwa baridi yabisi mwaka 1998, infliximab mwaka 1999, na adalimumab mwisho wa mwaka 2002.

Je, TNF ikishikwa, seli za kinga hupatwa na nini? Jibu fupi ni kwamba huacha kuitwa. TNF huuagiza ukuta wa mishipa midogo ya damu uoteshe vishikizo ambavyo seli zinazopita hunaswa navyo na kuingia katika kiungo. Agizo likikatizwa, vishikizo hupungua. Limfosaiti zilizokuwa zikizama viungoni huonekana tena zikizunguka katika damu, na uchunguzi wa seli zilizotiwa alama ya mnunurisho, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba zinazohamia viungoni huwa chache. Seli zilazo mfupa nazo hupoteza kichocheo chao. Mwaka 2004 Michael Ehrenstein na wenzake waliongeza jambo ambalo halikutazamiwa: katika wagonjwa hawa seli T za uangalizi, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, zilikuwapo lakini zilikuwa zimedhoofika, na baada ya tiba ya TNF zilirudia kazi yake. Basi katika kundi hilohilo la seli T lililotakiwa kuangamizwa miaka michache kabla, walikuwamo wapatanishi. Huenda hilo pia lilichangia kushindwa kwa dawa za CD4, kwa maana hazikubagua. Tamathali ya askari haina nafasi ya mtu kama huyo.

Jibu jingine lilikuja kwa gharama kubwa. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake walikusanya taarifa za watu 70 waliopatwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliximab, wengi wao ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Dawa ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wapatao 147,000. Katika 40 kati ya hao 70 ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya mapafu, jambo lisilo la kawaida. Maelezo yake ni haya: mtu aliyewahi kuambukizwa kifua kikuu na asiugue huwa hakuviua vijidudu vyote, makrofaji na seli T huvizunguka na kuvifungia ndani ya vizimba vidogo, na vizimba hivyo husimama kwa amri ya TNF. Amri ikiondolewa, kizimba hubomoka. Tangu hapo uchunguzi wa kifua kikuu kilichojificha umekuwa sharti kabla ya sindano ya kwanza. Kwa Afrika Mashariki, ambako walioambukizwa bila kujua ni wengi, habari hiyo si ya pembeni; ndiyo inayopaswa kutangulia. Nayo ni hoja nyingine dhidi ya kuita TNF adui. Protini ileile inayokula kidole cha mgonjwa ndiyo imlindayo pafu lake.

Swali la seli B lilikawia, kwa kuwa walioliamini walikuwa wachache. Zilihesabiwa kuwa watumishi tu wa seli T, na kingamwili ya Waaler ilichukuliwa na wengi kuwa dalili na si chanzo. Jonathan Edwards wa University College London, pamoja na Geraldine Cambridge, walifikiri vingine: kwamba seli B zinazotoa kingamwili hiyo huweza kujiendeleza zenyewe, na kwamba zikifutwa zote mzunguko huo ungeweza kukatika. Dawa ilikuwa tayari imo katika maduka ya dawa. Ilikuwa rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya limfu, ambayo hushika alama ya CD20 iliyo juu ya seli B. Mwaka 2001 walichapisha habari za wagonjwa watano tu, na wote watano walikuwa wamepata nafuu kubwa. Jaribio la watu 161 lilifuata mwaka 2004: nafuu ya asilimia 50 ilipatikana kwa watu 43 katika kila 100 waliopewa rituximab pamoja na methotrexate, na kwa 13 katika kila 100 waliopewa methotrexate peke yake.

Wasiokuwa na hatia, kwa mujibu wa vitabu, walikuwa wamepatikana na hatia. Lakini ya kosa gani? Seli plazma, ambazo ndizo hasa zinazomimina kingamwili, hazina alama ya CD20 na hazidhuriwi na dawa hiyo. Kwa jumla kingamwili za damu hupungua kidogo tu, na wako wagonjwa wanaopona kabla kingamwili zao za ugonjwa hazijatoweka. Hivyo inasadikiwa kwamba seli B hutenda zaidi ya kutoa kingamwili: huzionyesha seli T vipande vya antijeni na hutoa saitokini zake zenyewe. Seli B hurudi damuni baada ya miezi sita au zaidi, na ugonjwa mara nyingi hurudi pamoja nazo au nyuma yake, lakini si kwa kila mtu.

Na seli T? Kesi yao ilifunguliwa tena kwa swali lililoundwa kwa busara zaidi. Seli T haiamki kwa ishara moja. Yahitaji ionyeshwe antijeni, kisha yahitaji ishara ya pili, inayotokea pale kipokezi chake CD28 kinaposhikana na protini zilizo juu ya seli inayoionyesha. Dawa ya abatacept, iliyoidhinishwa Marekani mwezi wa Desemba 2005, huzikalia protini hizo ili kipokezi kisizipate. Haiui seli hata moja. Seli T hubaki na idadi yake, ila haipati ruhusa ya pili. Nayo ilifaulu hata kwa wagonjwa ambao dawa za TNF zilikuwa zimewashinda. Kwa hiyo jibu la mwaka 1995 halikuwa kwamba seli T hazihusiki. Swali ndilo lililoulizwa vibaya, kwa lugha ya kuua mahali palipotakiwa lugha ya kunyima neno.

Mengine yaweza kutajwa kwa haraka. Interlukini 6, ambayo Tadamitsu Kishimoto na wenzake wa Osaka waliitambua jeni yake mwaka 1986, ilizuiwa kwa tocilizumab, iliyoidhinishwa kwa baridi yabisi nchini Japani mwaka 2008. Hutuliza viungo na vilevile ini, ambalo kwa amri ya saitokini hiyo hutoa protini za mwako. Dawa ya kuzuia interlukini 1, iliyoidhinishwa mwaka 2001, ilifaa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna aliyepata bado njia ya kutabiri kwa uhakika mgonjwa yupi atafaidika na dawa ipi.

Bei ndiyo iliyoamua mengi yaliyobaki. Kwa miaka mingi dawa hizi zilikuwa za nchi tajiri, na mgonjwa wa Nairobi au Dar es Salaam, akibahatika kumwona daktari wa viungo, alitibiwa kwa methotrexate, ambayo ni dawa ya bei nafuu na yenye manufaa ya kweli. Mwaka 2013 Ulaya iliidhinisha infliximab ya kwanza iliyotengenezwa kwa kuigiza ile ya asili, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumab katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha si ghala, na wengi wa Afrika Mashariki bado hawazipati.

Utafiti wa karibuni umerudisha suala la jina. Kingamwili za ugonjwa huweza kuonekana katika damu miaka kadhaa kabla kiungo hakijavimba. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza na Uholanzi lililowahusu watu 213 waliokuwa na kingamwili hizo na maumivu ya viungo, lakini bila ya uvimbe. Nusu walipewa abatacept kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulipokwisha, ugonjwa ulikuwa umewapata 6 katika kila 100 wa kundi la dawa na 29 katika kila 100 wa kundi jingine. Sindano zikasimamishwa. Mwaka mmoja baadaye tarakimu zilikuwa 25 na 37. Watu hao hawakuwa na ubaridi wala ukavu wa kiungo, na Kiswahili hakijawa na neno la kuwaita.